Bastola na bunduki ya upepo mita 10: pima haya kabla ya kulaumu silaha

Mtu anayeanza kulenga shabaha akiona 7 na 8 zimejaa kwenye karatasi, wazo la kwanza ni kubadilisha silaha. Mara nyingi silaha haina kosa. Kuna vitu vitatu vinavyochangia kila tundu: silaha yenyewe, risasi zake, na mtu aliyeishika. Ukivipima kimoja kimoja, utajua pesa na muda wako viende wapi. Ukivipima vyote kwa pamoja hutajua lolote, hata ukipiga kopo zima la risasi.

Maelezo haya ni ya mita 10, bastola na bunduki ya upepo, kwa wanaofanya mazoezi Mtwara, Lindi, Masasi, Kilwa na maeneo ya jirani. Pwani hii ina joto, unyevu na chumvi ya bahari, na vyote vitatu vinaingia kwenye matokeo kwa njia ambazo miongozo ya Ulaya haizitaji.

Jambo la kibali linatangulia yote. Silaha nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usinunue, usipokee zawadi na usiagize hata bunduki ya upepo kabla hujafika polisi wilayani kwako, ukaeleza unataka nini na kwa matumizi gani, ukaelekezwa utaratibu. Kama ni klabu au shule, andikeni barua kabla ya kuanza kuandaa ukumbi.

Ukumbi na karatasi

Umbali ni mita 10 kutoka mstari wa kupigia hadi uso wa karatasi, na kanuni za shirikisho la kimataifa, ISSF, zinaruhusu kosa la sentimita 5 tu. Pima kwa futi ya chuma, usihesabu hatua. Katikati ya shabaha iwe sentimita 140 kutoka usawa wa sakafu anayosimama mpigaji. Madarasa mengi na kumbi za zamani zina sakafu yenye mteremko kidogo, kwa hiyo tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi kuhamisha usawa kutoka mstari wa kupigia hadi ukutani, kisha ndipo upime hiyo sentimita 140.

Karatasi za kuchapisha stationery zinafaa kwa mazoezi, ila zina mtego mmoja: printa hupunguza picha ili ienee kwenye ukurasa. Mwambie anayechapisha aache ukubwa wa asilimia 100, kisha upime kwa rula kabla hajatoa nakala 50. Kwenye shabaha ya bastola, doa jeusi liwe na kipenyo cha milimita 59.5 na duara la 10 milimita 11.5. Kwenye shabaha ya bunduki, doa jeusi ni milimita 30.5, na 10 ni nukta ya nusu milimita. Karatasi nyepesi ya kawaida huchanika na kuacha tundu lenye pindo, ukashindwa kujua kama limegusa mstari. Ibandike juu ya manila. Tundu likigusa mstari tu, mpigaji anapewa pointi ya duara la juu.

Nyuma ya karatasi weka sanduku la mbao lililojazwa nguo chakavu zilizoshindiliwa, na nyuma ya nguo bati la chuma la milimita 3 au zaidi lililoinamishwa ili risasi ianguke chini. Usiweke shabaha mbele ya ukuta wa zege mtupu, kwa sababu risasi ya upepo hurudi, na jicho ndilo linaloumia. Miwani ya kinga ivaliwe na kila aliyemo ukumbini. Mlango wowote ulio mbele ya mstari wa kupigia ufungwe kwa kufuli, usiegeshwe tu. Silaha isiyotumika kwa wakati huo iwe haina risasi na ipitishwe uzi wa rangi kali ndani ya mtutu, uzi uonekane pande zote mbili. Kwenye mashindano bila uzi huo unaonywa, na ukikataa kuuweka unatolewa.

Mwanga ni tatizo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ukumbi wenye madirisha upande mmoja huifanya ncha ya kilengeo cha mbele ing'ae upande wa dirisha, na jicho hulisoma pande hilo lenye mng'ao kana kwamba halipo. Matokeo yake kundi zima linahama bila mkono kukosea. Funika madirisha yaliyo karibu na mpigaji, kisha uelekeze taa kwenye shabaha. Kanuni zinataka angalau laksi 1500 (laksi ni kipimo cha mwanga) kwenye uso wa shabaha. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi mkaendelea kwa mwanga wa mlangoni, mtu asiguse skrubu za vilengeo. Andikeni matokeo ya kipindi hicho pembeni.

Silaha ipi, na hewa itoke wapi

Silaha za mashindano za kisasa hutumia mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, kwa kawaida hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo). Ni nzuri sana kwa sababu hazirushi mkono, lakini jiulize kwanza utajazia wapi. Njia mbili zinazofaa ni mtungi wa wazamiaji, ambao hewa yake imekaushwa, au pampu ya mkono ya shinikizo kubwa. Mtungi wa wazamiaji wa lita 12 uliojaa bar 200 hubeba lita 2,400 za hewa, na unajaza mitungi midogo mara nyingi. Pampu ya mkono inafanya kazi, lakini kwa unyevu wetu hukamua maji. Pampu kidogo kidogo, pumzika dakika chache pampu ipoe, fungua tundu la kutolea maji, kisha endelea. Jaza polepole, maana hewa ikishindiliwa haraka hupata joto, geji ikasoma 200, na asubuhi ukakuta 185. Hapo hakuna kilichovuja, hewa imepoa tu.

Usipake mafuta ya kawaida wala grisi ya gari kwenye sehemu yoyote inayopitisha hewa hiyo. Mafuta na hewa ya shinikizo kubwa huweza kulipuka. Tumia grisi ya silikoni anayoitaja mtengenezaji, basi.

Silaha nyingi zinazofika kwetu ni za mtumba au za msaada. Angalia tarehe iliyogongwa kwenye mtungi. Watengenezaji wengi wa Ulaya hutoa ukomo wa miaka 10 kwa mitungi ya alumini, na baada ya hapo mtungi haufai kujazwa hata ukionekana mpya. Bastola nzuri yenye mtungi uliokwisha muda ni chuma cha kukaa kabatini mpaka mtungi mwingine upatikane.

Bastola za zamani za gesi ya kaboni dayoksaidi zikwepe kabisa pwani. Gesi hiyo ina shinikizo la karibu bar 57 kwenye nyuzi 20, lakini inapanda haraka joto likipanda, na ikipita nyuzi 31 haikai tena kama kimiminika. Mchana wa Desemba au Januari Mtwara unafika huko bila shida. Utaanza saa mbili asubuhi ukiwa umerekebisha vilengeo vizuri, saa sita risasi zote zinapiga mahali pengine, na mpira wa vali unaanza kuvuja.

Kwa klabu isiyo na pa kujazia hewa, chaguo la busara ni silaha inayopampuliwa mara moja kwa kila risasi, mfano wa bastola ya Kirusi IZH-46M. Inatumia hewa iliyopo ukumbini, haina mtungi wa kuisha muda, na usahihi wake unamtosha mpigaji kwa miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba mkono unaopampu huchoka, na risasi 60 ni safari ndefu. Pampu kwa mkono usiolengea. Zile za springi za kuvunja mtutu zinafaa kufundishia hatua za mwanzo, lakini usizifyatue tupu. Bila risasi ya kuzuia hewa, pistoni hugonga mwisho wa silinda na kuharibu springi na sili, yaani kizibo kinachozuia hewa isivuje.

Kipimo cha kwanza: silaha na risasi bila mpigaji

Risasi za mita 10 ni za milimita 4.5 zenye kichwa bapa. Kichwa bapa hukata tundu safi la duara, rahisi kusoma pointi zake. Zilizochongoka acha.

Kwenye kopo utaona namba 4.49, 4.50 au 4.51, ambayo ni kipenyo cha kichwa. Hakuna namba bora kwa wote, kila mtutu una yake. Pata makopo mawili au matatu tofauti, kisha fanya hivi. Weka meza mstarini na mfuko wa mchanga juu yake. Egemeza mikono au sehemu ya mbele ya kitako kwenye mfuko, lakini mtutu wenyewe usiguse kitu. Piga risasi 5 kwenye karatasi moja, badilisha karatasi, rudia mpaka ziwe karatasi 4 kwa kila aina. Usiguse vilengeo katikati, kwa sababu hapa hutafuti 10, unatafuta udogo wa kundi. Bunduki ya springi ndiyo pekee isiyopenda kuegemezwa kwa kukazwa. Ilaze juu ya kiganja kilicholegea, kiganja kikiwa juu ya mfuko, uiache irudi nyuma yenyewe.

Pima kundi kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Silaha ya mashindano yenye risasi zinazoipenda itatoa tundu moja la milimita 7 au 8, wakati mwingine dogo zaidi. Bunduki ya springi ya kawaida ikitoa 12 hadi 15, shukuru. Silaha ya mashindano ikitoa 12 kwa aina zote za risasi, kagua kwa mpangilio huu: skrubu za kitako, skrubu ya kilengeo cha mbele, mtutu wenye mabaki ya madini ya risasi yaliyogandamana ndani, kisha sili. Skrubu ndiyo chanzo mara nyingi kuliko vyote, na watu huiangalia mwisho.

Kusafisha mtutu hakuhitaji fimbo ya chuma. Chukua mshipi wa kuvulia samaki ulio mnene, ukunje uwe na kitanzi, upitishe kutoka nyuma hadi mbele, kisha vuta kipande kidogo cha pamba kwa njia ileile risasi inayopitia. Vipande viwili vikavu vinatosha kila baada ya risasi 500 hivi. Risasi chache za mwanzo baada ya kusafisha zitakwenda ovyo, usizihesabu.

Sasa una namba yako. Kama silaha ikiegemezwa inatoa milimita 8, na wewe ukisimama unatoa milimita 70, silaha mpya itakupunguzia milimita ngapi?

Vilengeo: hesabu inayobadilisha mazoezi

Duara la 10 la bastola lina milimita 11.5. Ukiongeza nusu ya upana wa risasi, kitovu cha tundu kinaweza kuwa milimita 8 kutoka katikati na bado ukapata 10. Sasa chukua bastola ambayo umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni milimita 320. Kilengeo cha mbele kikihama kwenye mfereji wa nyuma kwa milimita 0.1 tu, unene wa karatasi, risasi inahama milimita 3 kule mbele. Kikihama 0.3, umetoka kwenye 10. Lakini mkono wote ukitikisika pamoja na vilengeo vikiwa vimenyooka, milimita 8 za mtikisiko zinabaki milimita 8, na bado ni 10.

Kwa hiyo mtikisiko wa mkono unasamehewa, kukosa kunyoosha vilengeo hakusamehewi. Mpigaji anayekodolea macho doa jeusi anafanya kinyume: analishika doa vizuri huku kilengeo cha mbele kikizurura. Jicho likae kwenye ncha ya kilengeo cha mbele, kiwe kikali chenye kona zake mbili, na doa jeusi liachwe liwe ukungu. Mwanga wa pembeni, kushoto na kulia ya ncha hiyo, uwe sawa. Kwa bastola usilenge katikati ya doa, maana weusi juu ya weusi hauonekani. Lenga eneo jeupe chini ya doa, kisha rekebisha kilengeo cha nyuma ili risasi ipande mpaka katikati.

Aliyepita miaka 40 na anaona kilengeo kina ukungu hata akijitahidi, aende kliniki ya macho na kumweleza mtaalamu kuwa anataka kuona kitu kilicho urefu wa mkono. Mara nyingi lenzi ya +0.50 au +0.75 juu ya ile ya kuonea mbali inamaliza kazi. Jicho lingine usilifumbe, litachosha uso mzima. Likinge kwa kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, kilichokatwa kwenye galoni, kisizidi upana wa milimita 30.

Vilengeo vikianza kung'aa kwa kuguswa na kufutwa, vitie masizi. Toa kilengeo cha mbele kama kinatoka, kifute kwa spiriti kiwe kikavu, kipitishe sekunde chache juu ya moshi wa koroboi, mahali moshi ulipo mweusi na si ndani ya mwali. Kitatoka na weusi mkavu usio na mng'ao hata kidogo. Usikiguse tena kwa kidole. Sehemu za plastiki zisikaribie moto.

Kurekebisha: kilengeo cha nyuma husogezwa kule unakotaka risasi iende. Tatizo ni herufi kwenye skrubu. Silaha za Kijerumani huwa na R na L kwa kulia na kushoto, H na T kwa juu na chini, na nyingi humaanisha mahali risasi ilipopiga, si unakotaka iende. Nyingine ni kinyume. Usikisie. Egemeza, piga 5, zungusha kliki 10 upande mmoja, piga 5 nyingine, pima umbali kati ya makundi mawili, gawa kwa 10. Sasa unajua kliki moja ya silaha yako ni milimita ngapi na inakwenda wapi. Iandike kwa kalamu ya rangi ndani ya kifuniko cha sanduku.

Mpini wa bastola

Hapa kusini tuna bahati ambayo mikoa mingine haina, nayo ni mafundi wa kuchonga wa Kimakonde. Mpini uliotoka kiwandani umechongwa kwa mkono wa wastani, na mkono wa wastani hakuna aliye nao. Fundi anayechonga sura ya mtu kwa tupa na patasi anaweza kukutengenezea mpini mzuri kuliko wa kununua, alimradi umpe masharti.

Mti: usichague mpingo. Unapendeza, lakini ni mzito kiasi cha kuzama majini, na bastola nzima haitakiwi kuzidi gramu 1,500. Mninga ndio unaofaa. Ni mwepesi, unachongeka, na hauvimbi wala kusinyaa sana kati ya masika na kiangazi. Uwe mkavu kweli, ubao wa juzi haufai.

Vipimo: bastola pamoja na mpini iingie kwenye boksi la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Hiyo 50 ni unene, na ndiyo inayowaangusha wengi. Kiegemeo cha chini ya kiganja kisikunjwe kwenda juu kukumbata mkono, na pembe yake na mpini isiwe chini ya nyuzi 90. Kifundo cha mkono kibaki huru, kionekane. Mwambie fundi haya kabla hajaanza, kwa sababu silika yake itakuwa kuufunika mkono wote.

Mpini ukishakaribia umbo, uulinganishe na mkono wako kwa chaki. Saga chaki ya ubaoni, paka mpini mzima, kisha ushike kama unavyopiga, mkono umenyooshwa, kwa sekunde 10. Achia bila kuteleza. Pale chaki ilipofutika kabisa panabana, pale ilipobaki hapagusi. Panapobana piga msasa kidogo, paka tena, shika tena. Shimo kubwa kwenye uvungu wa kiganja lijazwe: changanya gundi ya Araldite ile ya kukauka polepole na vumbi la msumeno la mninga huohuo, mpaka iwe ngumu kama ugali. Funga utepe kwenye chuma chote kilicho karibu, vaa mfuko laini wa nailoni mkononi uliopakwa mafuta ya mgando kidogo kwa nje, shika bastola kwa mkao wako halisi wa kupiga, na tulia dakika kadhaa mpaka umbo lishike. Ilaze siku nzima kabla ya kupiga msasa. Gundi mbichi isiguse ngozi.

Usipake vanishi. Kwa jasho letu, vanishi inateleza. Malizia na msasa namba 80, au fundi atoboe vidoti vidogo vidogo kwa ncha ya msumari. Poda ya watoto nayo inateleza, kitambaa cha pamba cha kufutia kiganja kila baada ya risasi chache kinafaa zaidi.

Utajua mpini umekaa vizuri ukifumba macho, ukainua bastola, ukafumbua na kukuta kilengeo cha mbele kimekaa katikati ya mfereji bila kukiitisha. Kikikutwa kushoto kila mara, mpini unasukuma, na hakuna mazoezi yatakayoficha hilo.

Triga na mpangilio wa risasi moja

Triga ya bastola ya upepo lazima ibebe angalau gramu 500. Chukua chupa ya plastiki, ipeleke dukani kwenye mizani, ongeza maji mpaka chupa, maji na uzi vifike gramu 510. Elekeza mtutu juu, tundika uzi katikati ya triga, inua taratibu. Ikifyatuka, kaza skrubu ya uzito. Gramu hizo 10 za ziada ni akiba, kwa kuwa mizani ya mashindano na ya dukani hazilingani. Bunduki haina kiwango cha chini cha triga.

Iweke iwe ya hatua mbili, hatua ya kwanza ikichukua sehemu kubwa ya uzito, kama 350 hadi 400, ili hatua ya pili ibakiwe na kidogo. Kidole kiguse kwa nyama ya pingili ya mwisho, kivute moja kwa moja nyuma, na kisiguse mpini popote.

Risasi moja inakwenda hivi. Inua bastola juu ya shabaha huku ukivuta pumzi, ishushe taratibu huku ukitoa, chukua hatua ya kwanza ya triga wakati ukishuka, tulia eneo jeupe, macho kwenye kilengeo, endelea kuongeza uzito wa kidole mpaka ifyatuke. Kati ya kutulia na kufyatuka ziwe sekunde 5 hadi 8. Zikipita 10, shusha mkono, pumua, anza upya. Kushusha hakukunyimi pointi, na muda upo: risasi 60 zina dakika 75 kwenye shabaha za kielektroniki na 90 kwenye karatasi, baada ya dakika 15 za majaribio. Baada ya mlio, kaa na vilengeo sekunde mbili nzima.

Kosa linaloonekana zaidi ni kukwapua triga pale picha inapoonekana nzuri. Kwa anayetumia mkono wa kulia, risasi hizo huangukia chini kushoto. Usirekebishe vilengeo kuzifuata. Geukia ukuta mweupe usio na shabaha, mita 2 tu, na fyatua tupu, kama silaha yako inaruhusu, dakika 20 kwa siku. Bila doa la kukimbilia, utaona wazi ncha ya kilengeo ikiruka kidole kinapokwapua. Hayo ndiyo mazoezi yenye faida kuliko yote, na hayatumii hata risasi moja.

Kusimama kwa bastola kunapimwa kwa macho yaliyofumbwa pia. Miguu upana wa mabega, inua, fumbua. Bastola ikiwa kulia au kushoto ya shabaha, sogeza mguu wa nyuma, usiuvute mkono. Mkono mwingine uwe mfukoni au kwenye mkanda, utulie.

Bunduki: mifupa, koti na jua

Bunduki ya mita 10, isiyozidi kilo 5.5, hubebwa na mifupa. Kiwiko cha kushoto kwa anayepiga kulia kikae juu ya nyonga au ubavu, nyonga isukumwe kuelekea shabaha, uzito ushuke wima mguuni. Msuli wa mkono wa kushoto ukikaza, umekosea mkao. Kichwa kiende kwenye bunduki kidogo tu, bunduki ndiyo ije usoni. Kama shingo inainama, pandisha kipande cha shavu au shusha kile cha bega.

Pete ya kilengeo cha mbele wanaoanza huchagua ndogo wakidhani inaongeza usahihi. Ndogo ikibana doa jeusi, jicho halijui lini liko katikati, na mpigaji anasubiri mpaka anatetemeka. Anza na milimita 4.2 hivi, pete nyeupe ionekane wazi kuzunguka doa. Tundu la nyuma liwe karibu milimita 1.1, na usogeze jicho mpaka uone kivuli sawa pande zote.

Koti la turubai na ngozi ni adhabu Mtwara saa saba mchana. Fanyeni mazoezi saa moja hadi saa tatu asubuhi. Vaa fulana ya pamba ya mikono mirefu ndani, kwa sababu koti likilowa jasho hulegea na mkao unabadilika kati ya risasi ya 1 na ya 60. Ukimaliza litundike kivulini penye upepo, likiwa wazi. Ukilianika juani ngozi inakakamaa na kupasuka, ukilikunja likiwa na unyevu linaota ukungu kwa siku chache. Kati ya makundi ya risasi fungua vifungo, unywe maji.

Chumvi

Silaha ikitoka mkononi ina jasho, na hewa ya Mikindani au Lindi mjini ina chumvi. Futa chuma chote kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya silaha, siku hiyohiyo. Sanduku la sponji ni la kusafiria tu. Sponji hufyonza unyevu na kuulaza juu ya chuma, na kutu huanza upande usioonekana. Nyumbani silaha ikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, pamoja na pakiti za silika. Zile ndogo za kwenye maboksi ya viatu ni chache mno, nunua za gramu mia kadhaa, na uzikaushe kwa moto mdogo kwenye sufuria isiyopikiwa chakula kila zinapochoka.

Risasi ni za madini ya risasi, na unyevu huzitoa unga mweupe. Zenye unga huo usizipige kwenye mashindano, zimebadilika kipimo. Funika kopo kila unapochukua, usimimine kiganjani chenye jasho. Na hakuna kula mstarini, hata korosho. Nawa mikono kwa sabuni kwanza, hasa watoto.

Wanaopiga mita 50 nje

Kwenye michezo ya majeshi na kwa wenye vibali vya .22 (bunduki ya baruti yenye risasi ndogo ya inchi 0.22), upepo ndio somo. Risasi ya mashindano ya .22 inayotoka kwa takriban mita 325 kwa sekunde husukumwa karibu milimita 5 kwa kila mita moja kwa sekunde ya upepo wa ubavuni, na duara la 10 la bunduki mita 50 lina milimita 10.4 tu. Mitutu mingi imekatwa mzunguko wa kulia, kwa hiyo upepo wa kutoka kushoto hupeleka risasi kulia na chini kidogo, wa kutoka kulia hupeleka kushoto na juu kidogo. Kusi husukuma kwa nguvu lakini kwa mwelekeo unaotabirika, na asubuhi huwa umetulia. Upepo mwingine wa mchana hugeukageuka. Funga utepe mwepesi wa nailoni kwenye vijiti mita 10 na mita 30 mbele, chagua hali moja ya upepo, rekebisha vilengeo kwa hali hiyo, na upige inaporudi hiyo tu. Tepe mbili zikielekea pande tofauti, shusha bunduki usubiri.